Perege wa Ukweni

Mume wangu alikuwa bwana samaki katika wilaya ambayo nusu ya watu wake hawakuwahi kumwona samaki akiwa hai. Huku juu Ufipa samaki alikuwa kitu kikavu, cheusi, kilichopinda mkia, kinacholetwa sokoni kwenye tenga na kunuka moshi kabla hujakiona. Mtoto wa kwetu ungemwambia achore samaki angekuchorea ukuni. Kwa hiyo watu wa Majengo, mtaa wetu pale Sumbawanga, walimtania mume wangu bila huruma. Akipita na baiskeli ya ofisi, wenye maduka wanamwita kutoka barazani: "Bwana samaki, leo umevua wangapi huko mlimani?" Yeye anacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, halafu akifika nyumbani ananinunia mimi.

Kwao ni Mbeya, upande wa Rungwe. Mimi ni wa hapa hapa. Mama yangu mzazi alifariki sijajua hata kumwita, nikalelewa na dada yake, mama mkubwa, katika kijiji kilicho mbali na barabara, ambako ukitoka Sumbawanga asubuhi kwa miguu unafika ng'ombe wanarudi zizini. Huyo ndiye niliyemjua kuwa mama. Nilipoleta habari ya kuolewa na mtu wa kuja, wajomba zangu waliniuliza anafanya kazi gani, nikawajibu, wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna na bwana mamba. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyesema kwamba kijana anayetumwa na serikali kutafuta samaki mahali pasipo na samaki lazima awe mvumilivu, na mume mvumilivu anatosha. Ndipo wakakubali, kwa shingo upande.

Mume wangu aliijua habari hiyo na haikumtoka moyoni. Alimheshimu mama mkubwa kuliko alivyomheshimu mkuu wake wa kazi. Kwetu mkwe hamkazii macho mama mkwe wake. Wakikutana njiani anampisha, akisema naye anashusha sauti, na kiti chake kinawekwa mbali na cha mama. Wengine wa kabila lake walimwambia hayo ni mambo ya zamani. Yeye aliyafuata yote, hata yale ambayo mimi mwenyewe niliyaona yamezidi. Nilikuwa nikimwambia, "Mama hataungua ukimtazama," naye ananiambia nimwache.

Basi katika miaka ile ya Ujamaa kijiji cha mama mkubwa kilichimba bwawa. Walilichimba wote kwa siku za kazi za kijiji, wanaume kwa majembe na wanawake kwa karai za udongo kichwani, kwa ajili ya ng'ombe na bustani ya kijiji. Maji yalipojaa, mwenyekiti wa kijiji alikuja mjini kununua mbegu za kabichi, akatupitia nyumbani kutusalimia, akataja bwawa kwa fahari. Mume wangu alikuwa anakula. Aliacha kula. Usiku huo huo nikajua kwamba nimeolewa tena na mtu mwingine, maana alizungumza mpaka nikasinzia, akaniamsha, akaendelea. Alitaka kuweka perege katika bwawa la wakwe zake. Watoto wa kijiji kile walikuwa na matumbo makubwa na nywele nyekundu, mimi nawajua, nilikua nao. Walikula ugali wa ulezi na majani ya maharage asubuhi mpaka jioni, na nyama wakati wa arusi. Yeye akasema miaka miwili tu, watoto wale watakula samaki mbichi kila wiki, na wajomba zako watakula maneno yao.

Hapo ndipo alipojiweka rehani. Alimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akawaambia watu mkutanoni, na mama mkubwa akaanza kutamba kisimani kwamba mkwe wake analeta samaki wazima.

Perege walipaswa kutoka Ziwa Rukwa, chini bondeni, ambako wenyewe huwaita magege. Hakutaka vifaranga, kwa sababu vifaranga wangeliwa na ndege wote. Alitaka wazazi, wakubwa wa kujaza mikono miwili, na hasa majike walio na mayai mdomoni. Mimi nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba perege jike huyakusanya mayai yake mdomoni, na watoto wakianguliwa wanakaa humo humo mpaka wapate nguvu, na siku zote hizo mama hali kitu. Lakini ukimshtua, ukimkaba, ukimwinua hewani ovyo, anawatema wote na hawaokoti tena. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Tangu hapo nikawa upande wa perege.

Lori tulilipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo aliyekuwa akishusha chumvi na sabuni bondeni na kupandisha mpunga na samaki wakavu. Dereva wake alisema amebeba samaki miaka yote na hajawahi kuombwa asiwatikise. Tulishuka ile barabara ya bondeni inayokufanya umkumbuke kila uliyemkosea, dereva akisema Bismillahi kila kona, na chini tukakuta joto ambalo mtu wa Ufipa halijui. Wavuvi walikuwa wamewaweka perege wetu kwenye uzio wa matete majini. Nilimwona mume wangu akiingia ziwani na suruali ya ofisi, akalowesha mikono mpaka viwikoni, akapitisha mkono mmoja chini ya tumbo la samaki na mwingine nyuma karibu na mkia, akambeba ndani ya maji mpaka kwenye beseni bila kumtoa hewani. Samaki hakupigapiga hata kidogo. Wavuvi waliacha kucheka wakatazama. Sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda saa ile, na mpaka leo nikitaka kumkumbuka vizuri nalazimika kuanzia hapo.

Safari ya kupanda tuliianza alfajiri ili tuwahi baridi. Mapipa yalijazwa nusu, yakafunikwa magunia yaliyolowa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji ya pipa kwa bakuli na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, pipa hili, pipa lile, kuanzia bondeni mpaka juu, na tumbo langu lile. Kila kijito tulichovuka alimsimamisha dereva, akaongeza maji baridi kidogo kidogo, kwa sababu maji ya bondeni ni vuguvugu na ya kwetu Ufipa yanauma meno. Samaki akitupwa kutoka kwenye moto kwenda kwenye barafu, alisema, moyo unasimama. Dereva akanong'ona kwamba hata abiria wake hawajawahi kubembelezwa hivyo. Tukacheka wote. Perege walikuwa wazima, wanapumua vizuri, na mume wangu alikuwa akifunua magunia kuwachungulia kama mtu mwenye watoto wanaolala.

Kijiji kizima kilikuwa kinatungoja bwawani. Walikuwa wamevaa nguo za sikukuu. Wanawake walikuwa wamejipanga mstari kutoka mahali lori linapoishia, kwenye matope, mpaka ukingoni, na mwanzoni mwa mstari alikuwa mama mkubwa. Mume wangu alikuwa ameagiza hivyo mwenyewe. Lori lisingeweza kufika majini, na zaidi ya hayo alitaka wanawake wa bustani wajifunze kushika samaki, maana wao ndio watakaovua baadaye kwa matenga. Aliwaambia mpango wote kabla ya kufunua pipa. Mkono usiolowa ni mwiko, kwa kuwa samaki ana ute mwilini na huo ute ndio nguo yake, na mkono mkavu unamvua nguo. Vidole visiingie kwenye mashavu. Asiinuliwe juu. Mkimfikisha majini msimtupe, mshikilieni tu, mdomo wake ukielekea kwenye maji ya kina, mpaka mwenyewe aondoke. Na siku mtakapoanza kula, mkimkuta jike mkubwa mwenye mdomo uliojaa, mnamrudisha hivyo hivyo, mnakula wengine. Habari ya kuvua na kuchagua alisema atawafundisha siku nyingine, pole pole, leo ni ya kupokea tu.

Kisha akaukagua mstari, akiwa ameshusha macho alipofika kwa mama mkubwa. Mikono yote ilikuwa imelowa. Akafurahi. "Vizuri sana, mama zangu," akasema, "mikono iko tayari."

Samaki walianza kupita. Kutoka kwenye pipa yeye aliwatia kwenye mabeseni yenye maji, na mabeseni yakapita mkono kwa mkono, na ukingoni kila mwanamke alimshika samaki mmoja na kumwingiza bwawani. Waliwashika kwa adabu kubwa. Mama mkubwa alimbeba jike mmoja mkubwa huku akisema naye, anamwambia karibu, hapa ni kwako, usiogope baridi. Watoto walipiga makofi. Wajomba zangu walisimama pembeni wakiwa na nyuso za watu wanaotafuta kasoro na hawaipati.

Halafu jike mmoja akageuka ubavu. Akaonyesha tumbo, akajaribu kujiweka sawa, akageuka tena. Mwingine akapanda juu ya maji akawa anafungua mdomo hewani. Mume wangu akaruka kutoka kwenye lori akaingia majini. Alipoliinua beseni lililokuwa karibu naye nikamwona akilitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa na povu.

"Nani ametia sabuni humu?"

Hakuna aliyeelewa kwa nini anauliza kwa sauti ile. Mama mkubwa akajibu kwa furaha. Bado alikuwa na furaha, Mungu wangu. "Sote, baba. Hatuwezi kuwapokea wageni wako kwa mikono ya shambani. Tumenawa vizuri, wote, kama Bwana Afya alivyotufundisha." Na kweli Bwana Afya alikuwa amekaa kijijini hapo majuma kadhaa kabla yetu, akihimiza vyoo na sabuni, na mtu aliyeshika chakula bila kunawa kwa sabuni alisutwa mkutanoni. Pembeni mwa mstari kulikuwa na ndoo, na kwenye jani la mgomba palikuwa na kipande cha sabuni ya kunukia niliyompelekea mwenyewe Krismasi iliyopita. Alikuwa ameitunza katika karatasi yake mwaka mzima, hakuitumia hata siku moja, akaitoa siku hiyo kwa ajili ya samaki wa mkwe wake. Mume wangu alikuwa amewaambia walowe. Sabuni haikumpitia akilini, kwa nini impitie? Na wao hawakuona hatari ya usafi, kwa nini waione?

Kama angenyamaza hapo, mambo yote yangekuwa mengine. Alikuwa ameshika jike aliyekuwa akitema mayai, mayai yale yakitoka mdomoni na kuteremka kwenye majani ya ukingoni, ya manjano, madogo kama ulezi. Akainua uso, akamtazama mama mkubwa machoni. Akapiga kelele.

"Mmewaua! Mmewaua kwa mikono yenu! Washamba nyinyi, msiwaguse! Mtu yeyote asiwaguse tena!"

Mwenyekiti alikohoa. Mama mkubwa alipiga magoti kwenye matope na nguo yake ya sikukuu, akapiga makofi taratibu kama anavyopigiwa mtu mkubwa, akasema, "Tumekosa, baba." Kisha akainuka akaenda zake nyumbani, na wanawake wote wakamfuata, wakiwa wameachanisha mikono na miili kama watu waliogusa kitu kibaya.

Mume wangu alibaki majini mpaka jua likainama, anamshika huyu na kumwachia, anamshika yule na kumwendesha mbele na nyuma ili maji yapite mashavuni. Wengine walizama gizani hatukujua wamekwenda kufa au kuishi. Wengine walielea. Wale walioelea hakuna aliyewala. Wajomba zangu waliwachimbia shimo juu ya ukingo wakawafukia, kwa sababu walikuja kama wageni. Tulirudi mjini kwenye lori lenye mapipa matupu yanayogongana, mpaka tukaingia mtaa wa Mazwi. Hapo akasema, "Nimemtazama mama usoni." Nikamjibu kwamba kumtazama ndilo lilikuwa kosa dogo.

Kwetu kosa la namna hiyo lina njia yake. Mkwe hahitaji maneno mengi. Anatafuta mshenga, ananunua jembe jipya na kuku, anakwenda na kukaa nje ya ua mpaka aitwe. Jembe likipokewa, limekwisha, hakuna atakayelitaja tena. Ni jambo la asubuhi moja. Mke hawezi kulipeleka kwa niaba yake, wala ndugu, la sivyo ningelibeba kichwani kesho yake. Jembe alilinunua wiki ile ile. Nililiweka nyuma ya mlango wa chumba cha uani pale Majengo, na hapo likakaa.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Ningependa angekuwa na kiburi, kiburi kinavunjika. Alikuwa na aibu. Alisema hawezi kwenda na jembe tu baada ya kuua samaki wa kijiji kizima na kuwatukana juu yake. Alitaka aende na perege wengine, aonekane mtu mbele ya wajomba. Ofisini wakamwambia habari za bwawa zimekwisha, sasa watu wanatakiwa upande wa Ziwa Tanganyika, akawa anapelekwa huko miezi na miezi kushughulika na dagaa na nyavu. Akirudi namuuliza lini. Ananijibu mvua zipungue. Mvua zikipungua anasema barabara ya bondeni imekatika. Tuligombana kwa jembe lile kuliko tulivyowahi kugombana kwa kitu chochote, na mtoto wetu wa pili alizaliwa, akatambaa, akasimama kwa kushika mpini wake.

Mama mkubwa hakuacha kututumia salamu. Wanawake wa kijiji walipokuja soko la mjini na maharage walinipitia, na kila mara alimtaja baba, yaani mume wangu, kwa wema. Wakati mmoja akatuma neno kwamba mwambie baba bwawa linatikisika jioni, kuna vidogo vingi ukingoni vinakimbia ukikanyaga. Nilimpokea mume wangu mlangoni kwa habari hiyo. Akavua viatu, akakaa kitandani, akasema, "Wananifariji. Hao ni viluwiluwi." Nikamwambia mama anajua chura. Akasema kwa baridi ile, baada ya sabuni ile, haiwezekani, na kwamba nimsihi mama asijisumbue kumfariji. Sikulipeleka jibu hilo. Nilituma salamu tu.

Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Kijiji cha mama mkubwa tayari kilikuwa cha Ujamaa, kina shamba lake na bwawa lake, lakini ikaonekana kimekaa pabaya, mbali na barabara, magari ya serikali hayakifikii. Kiangazi kimoja wakaambiwa wahame. Tulipata habari walipokuwa wamekwisha hama. Nilimwambia mume wangu kwamba mama analala chini ya nyasi uzeeni, katika baridi ya Juni, na kama jembe haliendi sasa basi nalichoma mpini nipikie. Akaniangalia, akaenda nyuma ya mlango akalichukua.

Tulikwenda na mshenga, mzee mmoja wa mtaa wa Izia aliyekuwa rafiki wa wajomba, na kuku. Tulilala njiani, na kesho yake njia ya mkato ikatupitisha kwenye mahame ya kijiji chao, na mahame ya juzi ni mabaya kuliko ya zamani. Milango ilikuwa imeng'olewa, majivu bado yako mafigani, na mbwa mmoja aliyegoma kuhama alitubwekea kwa mbali. Mume wangu akasema tupite bwawani. Nilidhani anataka kujiadhibu.

Maji yalikuwa yametulia. Tulipokaribia ukingo kivuli chetu kikaanguka juu ya maji, na badala ya kukimbia, samaki wakaja. Walikuja wengi, wakubwa na wadogo, migongo yao ikikata maji, wakafungua midomo pale pale chini ya miguu yetu. Perege. Wengine walikuwa wakubwa kuliko wale tuliowaleta. Pembeni palikuwa na jiwe lililopakwa machicha ya pombe ya ulezi yaliyokauka, mtu alikuwa akiwalisha hapo kila siku. Mume wangu aliingia majini na viatu. Alimshika mmoja kwa mikono miwili, jike, mdomo umejaa, akamtazama, akamwachia taratibu. Alilia akicheka. "Wameishi," akaniambia, "mke wangu, wameishi, wamezaa, wamejaa!" Alimkumbatia mshenga. Akaanza kupiga hesabu kwa sauti, ni muda gani watoto wa kijiji wamekuwa wakila, kila nyumba imepata kiasi gani, na wajomba zangu watasema nini. Njia nzima iliyobaki alitembea mbele yetu, jembe begani, kama bwana arusi. Nami nilifurahi. Nilijiambia basi Mungu amefuta.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya vibanda kando ya barabara, miti imekatwa, upepo unapita kama hakuna mtu. Tulikaa nje. Mama mkubwa alilipokea jembe mwenyewe. Alikuwa amepungua mwili mpaka nikamtafuta ndani ya nguo zake. Alipiga makofi, akalilaza jembe chini, akasema, "Shauri limekwisha, baba. Karibuni ndani." Mume wangu alishusha macho akasema shikamoo mama kwa sauti ambayo haikutoka. Lilikwisha hivyo, kwa dakika zile chache, baada ya miaka yote ile.

Chakula kililetwa. Ugali wa ulezi na majani ya maharage. Watoto wa binamu zangu walisogea kunawa nasi, nikaona matumbo yao na nywele zao. Mume wangu hakuona bado, alikuwa na furaha. Kutoka pale alipokaa, mbali kidogo, macho yake kwenye ugali, akasema kwamba amepita bwawani, amewaona samaki, amefurahi sana. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeomba kusifiwa kidogo, kama watoto waliwapenda.

"Wanawapenda sana," akasema mama mkubwa. "Walikuwa wanakwenda nami kuwalisha. Wamelia sana kuwaacha."

"Na kuwala, mama? Nyama yake waliipenda?"

Mama mkubwa alinitazama mimi kwanza, kama vile swali hilo lingehitaji kufasiriwa.

"Kuwala? Tungewalaje, baba? Nani awashike? Ulisema tusiwaguse. Tukasema mikono yetu ni mibaya kwao, lakini bwana samaki alisema atakuja siku nyingine kutufundisha. Basi tukawatunza. Kila mwaka tulisema mwaka huu atakuja."

Mume wangu alikuwa ameshika tonge. Aliliweka chini kwenye sahani, pole pole, akainuka bila kuaga wazee, akatoka nje. Nilimsikia akitembea kwenye changarawe ya barabara, kisha sikumsikia. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kurudi kwenye mahame. Na hata angeruhusiwa, nani angetembea nusu siku kufuata samaki, na nani angembebea mtoto yule aliyekaa mbele yangu analamba vidole?

Mama mkubwa alisogea karibu nami, akaushika mkono wangu. Uso wake ulikuwa na hofu.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "nimemkosea tena?"